Pazia la Ukumbini

3 Septemba

Namtaka radhi yeyote atakayefungua daftari hili, na wa kwanza ni mimi mwenyewe. Tangu Ramadhani sijaandika hata mstari mmoja. Nilipokuwa mwalimu niliwasimamisha darasani wanafunzi walioruka siku katika shajara zao, na sikupokea sababu: homa, msiba, wala taa kukosa mafuta. Sasa nina sababu yangu na ninaona haya kuitoa. Mkono wa kulia umekufa ganzi kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, na hati yangu imekuwa kama ya mtoto anayeanza chuo cha Kurani. Suhail, mwanangu aliyeko Unguja, alinishauri nitafute mtu wa kuniandikia. Nilikataa. Mambo ya mtu huandikwa kwa mkono wake.

Ugonjwa wenyewe una jina. Daktari wa Dar es Salaam, baada ya kunipitisha katika mashine ya MRI, aliuita multipo skilerosisi. Sijalipata jina lake la Kiswahili na sitabuni. Alinieleza kwamba mishipa ya fahamu imevikwa utando, kama waya wa umeme ulivyovikwa mpira. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, imegeuka na inautafuna utando huo. Pale ulipochunika, habari za ubongo hazifiki ziendako, au hufika zimevurugika. Ndiyo maana mguu wangu huburuta, jicho huona ukungu na mkojo haungoji. Ugonjwa huu hauna haraka ya kuua. Hauponi pia; dawa huupunguza kasi tu.

Mke wangu, Mwanakhamis, nilimwambia kwamba ni mishipa. Nilikomea hapo.

6 Septemba, Ijumaa

Karafuu za nyuma ya nyumba zimeanza kupata wekundu. Nimeswali juu ya kiti.

11 Septemba

Tangu Mfunguo Mosi, Ramadhani ilipokwisha, ninalala ukumbini. Nilimwambia Mwanakhamis kwamba miguu yangu hukakamaa na kurukaruka usiku, kwa hiyo nitamnyima usingizi. Ni kweli. Lakini kuna ukweli mwingine mkubwa kuliko huo, nami nitauandika mara moja tu kwa maneno ya wazi. Kuanzia kiunoni kwenda chini, mwili wangu haumsikii tena mke wangu. Akinigusa, ni kana kwamba anamgusa mtu mwingine na mimi ninatazama. Nia ninayo, mwili haujibu. Daktari wa kliniki ya Chake Chake aliniuliza juu ya jambo hilo. Ni kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha darasa la tano. Nilimjibu kwamba sina tatizo.

Kati ya ukumbi na chumba chetu pana pazia tu. Kila asubuhi, kabla ya kulifungua, Mwanakhamis husema kutoka upande wa pili:

"Vyereje, babake Suhail, umeamka?"

"Nimeamka, alhamdulillahi."

"Miguu?"

"Ipo."

"Haya, chai i tayari."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya siku nzima. Zamani tulikuwa tukizungumza mpaka chai ikapoa, akaipasha, ikapoa tena.

14 Septemba

Jua kali. Joto likipanda, jicho la kushoto hufifia. Nimeshinda ndani.

19 Septemba

Leo tumemzika Mzee Jecha, rafiki yangu tangu utotoni. Nilikwenda na bakora yangu ya kutembelea, nikakalishwa kwenye kiti karibu na kaburi. Shehe Ame alipoanza kumsomea maiti talkini, nilicheka.

Sikucheka kwa sababu yoyote. Moyoni nilikuwa ninamlilia Jecha. Kicheko kilitoka chenyewe, kama chafya, na kila nilipokibana kilizidi kupanda. Nilitia kanzu mdomoni. Watu waligeuka. Nyuma yangu nilisikia mmoja akinong'ona:

"Mwalimu kavaliwa."

"Na shetani yupi atakayethubutu kumvaa Mwalimu Soud?" mwenzake akajibu. "Atatiwa adabu mpaka atoke mwenyewe."

Shehe Ame hakukatiza kisomo. Alipiga hatua moja tu akasimama baina yangu na watu, hata wasinione uso, akaendelea mpaka mwisho.

Daktari alikwisha kunionya. Alisema ugonjwa huu unaweza kukata uzi unaounganisha moyo na uso, mtu akacheka bila ya furaha na akalia bila ya huzuni. Nilidhani anazungumza juu ya watu dhaifu.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mwanakhamis aliniuliza akiwa nyuma ya pazia:

"Watu wanasema umecheka mazikoni."

"Watu wana midomo."

"Miye nakuuliza weye. Watu sikuwauliza."

Nilimsikia akingoja, kisha nikamsikia akienda zake jikoni.

20 Septemba, Ijumaa

Sikwenda msikitini.

25 Septemba

Nimelia kwa sababu kikombe kimeanguka. Hakikuvunjika.

2 Oktoba

Wachumaji wameanza kazi. Mwanakhamis ndiye anayewasimamia mwaka huu. Namsikia akiwaita kwa majina, akiwakataza kuvunja matawi. Alasiri walileta karafuu, wakazimwaga juu ya jamvi uani, na harufu ikajaa nyumba nzima.

Tangu tuoane, kuchambua ni kazi yetu sisi wawili. Hukaa tukiangaliana, rundo katikati. Mtu huchukua kichala, akakibana kwenye kiganja, akakizungusha; karafuu hudondoka upande huu na makonyo, vile vijiti vyake, hutupwa upande ule. Ni kazi ya vidole. Macho na ulimi huwa na nafasi yao, na mambo makubwa ya nyumba hii, kuanzia jina la Suhail hadi kuezeka bati, tuliyaamua juu ya jamvi la karafuu.

Leo nilikaa mahali pangu. Kichala kilikuwa mkononi na sikukisikia. Nilibana kupita kiasi nikaziponda. Nilipolegeza, karafuu na makonyo zikaanguka pamoja. Nikaendelea hivyo hivyo, na Mwanakhamis akawa anachambua zake huku akitengeneza zangu kimya kimya, kama mtu anayefuata nyuma ya mtoto. Hatimaye akasema:

"Wacha, babake Suhail. Ntachambua miye."

Nilimwambia kwamba sikumwomba huruma. Nilimwambia pia maneno mengine ambayo sitayaandika. Hasira ilinipanda ghafla, kubwa kuliko jambo lenyewe, na ilipoondoka haikuniachia chochote cha kusema. Yeye aliinamisha kichwa akaendelea na kazi. Mimi niliinuka nikarudi ukumbini.

3 Oktoba

Anachambua peke yake. Namsikia.

10 Oktoba

Asubuhi jua lilikuwa zuri na karafuu zilianikwa uani majamvi mazima. Mwanakhamis alikuwa shambani. Kabla ya adhuhuri wingu lilitokea upande wa Shumba, jeusi, na upepo ukabadilika. Kila mtu wa Pemba anajua afanye nini: hukunja jamvi hata kama ana mtoto kifuani. Nikatoka.

Joto lilikuwa limekwisha kuninyang'anya miguu na sikujua. Nilifika kwenye jamvi la kwanza, nikainama, nikaanguka kifudifudi juu ya karafuu. Mvua ikanikuta hapo. Kanzu ililowa, na si kwa mvua peke yake.

Mwanakhamis alikuja mbio kutoka shambani. Majamvi mawili yalikuwa njiani mwake, bado yangeweza kuokolewa. Aliyaruka. Alinishika chini ya makwapa akaniburuta hadi barazani huku nikimpigia kelele: "Karafuu! Karafuu kwanza!"

"Karafuu ndiyo ilonioa?" akaniuliza, akihema.

Kisha aliniosha. Alichota maji, akanivua, akanisugua mgongo na mapaja na penginepo, kwa upole, kama anavyooshwa mgonjwa. Alipomaliza, aliweka kiganja chake kifuani pangu akakiacha hapo. Mahali hapo ningali ninasikia. Kilikuwa kiganja cha mke, hakikuwa cha muuguzi. Miaka yote niliyokaa naye inanitosha kujua tofauti. Niligeuza uso ukutani. Baada ya muda akakiondoa.

Majamvi mawili ya karafuu yamefanya ukungu.

15 Oktoba

Nimemwita Shehe Ame kwa masuala ya dini. Alikuja baada ya alasiri, tukakaa barazani. Mwanakhamis alikuwa kwa wachumaji.

Nilimwuliza hivi: mtu akiwa hawezi tena kumtimizia mkewe haki ya ndoa, na akajua kuwa hataweza, je, si uadilifu amwache huru?

"Huyo mtu," akasema Shehe Ame, "ana mguu unaoburuta?"

"Ninauliza kwa jumla, Shehe."

"Naam. Huyo wa jumla, mkewe kasemaje?"

"Hajaulizwa."

"Basi masuala yako hayajatimia, Mwalimu. Haki ni ya mke. Akitaka kuidai, atakuja kwangu mwenyewe, njia anaijua, ni mwendo wa hapo tu. Weye unaichukua haki yake, unaidai kwa niaba yake, unaihukumu, na unamtoa nyumbani kwa ajili yake. Mahakama nzima umeibeba weye."

"Ninamhurumia."

"Unamhurumia nani?"

Alikunywa kahawa yake akaniombea shifaa. Alipoinuka alinishika bega. "Na lile la mazikoni," akasema, "Jecha angekuwa hai angecheka nawe. Njoo msikitini."

Ni mtu mwema, lakini nilimwona amelegea. Mtu akijua lililo sawa hulitenda. Hangoji aulizwe mwingine. Nimempigia simu Hamdan, kaka yake Mwanakhamis, aje kutoka Shumba Viamboni.

17 Oktoba

Hamdan alifika kabla ya adhuhuri. Ni mtu mnene, mcheshi, lakini leo hakucheka.

"Shemeji, umeniita na nimekuja," akasema. "Kaka wa mke haitwi kuja kula halua. Sema."

Nilimwambia kuwa msimu ukimalizika ningependa Bi Mwanakhamis akapumzike kwake.

"Arejee lini?"

Nilitazama bakora yangu.

"Aa. Umepata mwengine?"

"Astaghfirullahi. Mimi, katika kiti hiki?"

"Basi yeye kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ni mwanamke mwema kuliko wote ninaowajua."

"Sasa Soud, weye ni mwalimu, nifahamishe na miye mjinga. Ni mwema, hajafanya kitu, na nimchukue?"

Pazia likasogezwa. Mwanakhamis alisimama hapo, mikono yake imepakaa weusi wa utomvu wa makonyo. Sikujua kuwa amekwisha kurudi.

"Mwalimu," akasema.

Ananiita babake Suhail. Mwalimu ananiita akiwa na ghadhabu, na katika umri wetu wote mara hizo ni chache.

"Yangu yanaamuliwa ukumbini, na miye nimo ndani?"

"Nilitaka msimu uishe kwanza, kisha—"

"Kwa nini msimu uishe? Kama ni kwenda, n'nakwenda leo. Kaka, ningojee nijifunge."

Alitoka na furushi moja. Alipita mbele yangu, akasimama, na nilidhani atasema neno. Alinisogezea bakora yangu karibu na mkono, kisha akaondoka.

18 Oktoba, Ijumaa

Mvua.

19 Oktoba

Mvua. Wachumaji hawakuja. Hakuna wa kuwaita.

21 Oktoba

Jirani yetu Paskalia, mwalimu kutoka bara, ameniletea uji. Aliuliza mama yuko wapi. Nilisema yuko kwa kaka yake. Akasema, "Katikati ya karafuu?" kisha akaona uso wangu, akauliza kama uji unahitaji sukari.

23 Oktoba

Leo asubuhi nilijikuta nimesema, "Nimeamka, alhamdulillahi." Hakuna aliyeniuliza.

Pazia halitikisiki. Ni kitambaa cha maua alichonunua Chake Chake kabla ya Suhail kwenda Unguja, sikuwahi kukitazama. Upande wa kwangu maua yamepauka kwa jua la dirishani. Upande wake lazima yangali mekundu.

Nimefikiri sana juu ya swali la Shehe Ame, kwamba ninamhurumia nani. Nilidhani ninampunguzia mke wangu mzigo. Lakini tangu aondoke, ninapoanguka siombi mtu aje kuniinua. Ninaomba yeye asiwepo akaniona, kisha papo hapo ninaomba awepo. Mtu anayeomba mambo mawili yanayopingana hawezi kusema kwamba anatenda haki. Anaogopa tu.

27 Oktoba

Juu ya miti ya karibu karafuu zimeanza kuchanua. Zikichanua, thamani yake imekwisha. Ninaziona kutoka dirishani na siwezi kupanda wala kumwita wa kupanda. Sauti yangu haifiki.

29 Oktoba

Nimelia kutwa. Sijui ni nani aliyekuwa akilia.

1 Novemba, Ijumaa

Amerudi.

Nilisikia sauti yake shambani kabla ya kumwona. "Anzeni mti huu! Hamna macho? Hizi zinachanua nanyi mwakaa kupiga soga!" Alasiri aliingia uani, furushi mkononi, akalitua, akakunjua jamvi mbele ya kiti changu.

"Usidhani nimerejea kwako," akasema. "Nimerejea kwa karafuu. Hazina kosa."

"Karibu."

"Nimekwisha karibia. Sasa sema. Na usiniambie mishipa."

Nikamwambia. Nilimwambia jina la ugonjwa, habari ya utando na ya kicheko. Kisha nikamwambia lile nililoandika hapa mara moja tu na nikaahidi kutolirudia. Nilisema nikitazama jamvi. Nilipomaliza nilisikia kuku akiparura.

"Basi ni hilo tu?" akauliza.

"Hilo si dogo."

"Sikusema dogo." Sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Tangu Mfunguo Mosi najitazama kwenye kioo. N'nasema, nimezeeka, kanichoka. Natia udi, weye wafunga dirisha. Nakushika kifua, wageukia ukuta. Nimelia mle chumbani mpaka mto umeoza. Kumbe tuko watatu humu ndani. Hata mke mwenza hutajwa jina, Mwalimu! Huyu wako umenificha mpaka jina."

"Nilitaka kukutendea haki."

"Haki yangu nilikudai?"

"Hukunidai."

"Nilikwambia imenipotea?"

"Mwanakhamis, sitapona."

"Na miye nimekuuliza utapona? Nimekuuliza kwa nini huzungumzi. Hilo lililokufa, ni ulimi?"

Nilikuwa nimeshughulika kupima kilichopotea, sikuangalia kilichobaki.

Akaniambia anataka mambo mawili. La kwanza, nirudi kulala chumbani. "Si kwa hilo. Kwa sauti tu. Nikizinduka nisikie mtu." La pili, siku ya kliniki Chake Chake aingie nami kwa daktari, na niliseme lile jambo mbele yake, kwa kuwa huenda kuna msaada, na kama hakuna, basi tusikie sote wawili kwamba hakuna.

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, jamvi la mwisho likikauka nitakwenda Shumba. Na safari hiyo hata karafuu hazitanirejesha."

4 Novemba

Mtu anayesoma ataona mambo hayo mawili ni mepesi. Kwangu si mepesi. Ukumbini nikijilowesha hubadilisha shuka mwenyewe, hata kama kazi hiyo inachukua asubuhi nzima. Ukumbini nikilia, hakuna wa kuuliza. Chumbani sitakuwa na mahali pa kujificha. Na yule daktari kijana ataniangalia, na mke wangu atakuwa ameketi kando, nami nitalazimika kusema kwamba mara ya kwanza nilimdanganya.

7 Novemba

Asubuhi, nyuma ya pazia: "Vyereje, umeamka?"

Nilikaribia kusema "alhamdulillahi" na kunyamaza. Nikasema, "Nimeamka, na mguu wa kushoto unauma tangu alfajiri."

"Ahsante kunambia," akasema.

9 Novemba

Shehe Ame amenitumia salamu. Kiti changu bado kiko msikitini, hakuna aliyekikalia.

12 Novemba

Leo wameleta karafuu za mwisho. Mwanakhamis alinikalisha mahali pangu pa zamani, lakini yeye hakukaa upande wa pili wa rundo. Alikaa ubavuni kwangu. Alitia kichala katika kiganja changu, akaweka mkono wake chini ya mkono wangu, akabana, akazungusha. Karafuu zilidondoka zote nzima. Sikuzisikia karafuu, ila msukumo wa mkono wake ulinifika begani.

Tulikwenda hivyo hivyo, polepole mno. Kwa mwendo ule rundo lisingekwisha mpaka Ramadhani. Akanisimulia habari za Shumba, mke wa Hamdan aliyemnunia kwa sababu ya chungu. Nilicheka, na kilikuwa kicheko changu. Kisha, bila ya onyo, nikaanza kulia, mabega yakitikisika, na kichala kikaanguka.

Hakuniambia nyamaza. Aliniangalia, akaniuliza kwa utulivu kabisa:

"Hiki kilio cha nani? Chako au cha mwenzetu?"

"Sijui."

"Basi lia. Tutakigawa baadaye."

16 Novemba

Jamvi la mwisho liko uani. Jua likiendelea hivi, karafuu zitakauka kesho au kesho kutwa. Ukizivunja zitalia mkononi na kazi itakuwa imekwisha. Furushi lake nimeliona juu ya kasha. Halikufunguliwa, na halikufungwa vizuri.

Leo alasiri amelikunja pazia akalitundika juu ya msumari. Sikulishusha. Nilipo naona kitanda, upande wake na upande wangu, na mto wangu umevalishwa foronya safi. Ni hatua chache. Mtu mwenye bakora anaweza kuzipiga.

Sijaamua. Nikishaamua nitaandika humu. Mkono ukiwa umekataa kabisa, nitasema mimi na Mwanakhamis ataandika. Kwa hiyo anayesoma asinisubiri kwa maneno. Atazame hati tu. Akiikuta ni hati ya Mwanakhamis, ajue nimekwisha kuingia chumbani.